Aliyelipa Awe na Risiti: Kodi za Serikali Kuu ya Marekani kwa Mtandao

Tarehe 25 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri namba 14247, inayoitaka Wizara ya Fedha ya Marekani iache kutoa hundi za karatasi ifikapo tarehe 30 Septemba mwaka huo, na ianze kupokea malipo ya wananchi kwa njia ya kielektroniki mapema iwezekanavyo. Amri hiyo ilijitetea kwa hesabu. Ilisema kwamba katika mwaka wa fedha wa 2024 serikali ilitumia zaidi ya dola milioni 657 kuendesha shughuli za malipo ya karatasi, na kwamba hundi ya Wizara ya Fedha ina uwezekano mara 16 zaidi wa kuripotiwa kuwa imepotea, imeibwa, imerudishwa au imechezewa kuliko malipo ya kielektroniki. Hizo ni hesabu za upande wa serikali. Mlipakodi naye ana hesabu yake, na ndiyo ninayotaka kuitetea hapa: kulipa kwa mtandao kunamfaa kwa sababu kunamwachia ushahidi wenye tarehe, kiasi na namba, usiotegemea posta, wala mwajiri, wala mtu aliyemjazia fomu. Pale mfumo unapompa ushahidi huo, autumie bila kusita. Pale unapomfungia mlango kwa kuwa hana akaunti ya benki, serikali haina haki ya kumlazimisha.

Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili zaidi ya linavyoonekana. Wakongomani waliopelekwa kama wakimbizi Texas, Kentucky, Ohio na Arizona, Wakenya wa Minnesota na Massachusetts, Warundi na Watanzania waliotawanyika huku na huko, wote hukutana na kodi ya serikali kuu tangu mshahara wa kwanza. Wengi wameajiriwa kwenye viwanda, maghala na nyumba za kulelea wazee, na hao kodi yao hukatwa kabla fedha hazijawafikia. Lakini wapo wanaoendesha malori yao wenyewe, wanaobeba abiria au kupeleka vyakula majumbani kwa kuitwa na programu ya simu, wanaosuka nywele, na wapo waliofungua duka la vyakula vya nyumbani au kampuni ndogo ya kuhudumia wagonjwa na kuajiri wenzao. Hao hawakatiwi na mtu. Ni juu yao kuifikisha kodi Hazina, kwa tarehe zilizowekwa na kwa namna iliyowekwa, na wanaochukua kazi kama hizo wanazidi kuongezeka.

Ili kuelewa kwa nini Marekani inasisitiza malipo ya mtandao, tuanze na mwajiri, maana sehemu kubwa ya mapato ya serikali kuu hupitia mikononi mwake. Tangu sheria ya mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, mwajiri hukata kodi ya mapato kwenye mshahara na kuipeleka serikalini. Juu yake huongezwa michango ya Social Security na Medicare, yaani pensheni na matibabu ya wazee: asilimia 7.65 kutoka kwa mfanyakazi na kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwa mwajiri. Kwa miaka mingi fedha hizo zilipelekwa benki pamoja na kuponi ya karatasi, Fomu 8109, iliyokuwa na viduara vya kupaka kwa penseli: kiduara kimoja kwa aina ya kodi, kingine kwa robo ya mwaka. Mtu akipaka kiduara kisicho chake, malipo yake yaliandikwa kwenye robo nyingine, na miezi baadaye barua ya kudaiwa ikamfikia mtu aliyelipa kila senti. Kosa lilikuwa limezikwa ndani ya rundo la karatasi ambalo yeye hakuweza kulifunua.

Mageuzi yalikuja kwa mlango usiotarajiwa. Mwaka 1993, ndani ya sheria ya kutekeleza mkataba wa biashara huru kati ya Marekani, Kanada na Meksiko, Bunge liliingiza kifungu kilichoagiza waajiri wakubwa wahamie kwenye malipo ya kielektroniki. Sababu ilikuwa ya bajeti: fedha zikiwahi kufika Hazina, zingeziba pengo la ushuru wa forodha uliopungua kwa mkataba ule. Mfumo wenyewe, unaojulikana kwa herufi EFTPS, ulianza mwaka 1996. Wenye biashara ndogo walipiga kelele mara moja. Kiwango cha kulazimishwa kilikuwa dola 50,000 za malipo kwa mwaka, na wengi hawakutaka kusikia habari ya serikali kugusa akaunti zao. Malalamiko yao yalisikilizwa: adhabu ziliahirishwa, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi dola 200,000. Kuponi za karatasi zilikomeshwa mwishoni mwa mwaka 2010, miaka 15 hivi tangu mfumo uanze, na hata leo mwajiri mdogo anayedaiwa chini ya dola 2,500 kwa robo anaweza kulipa pamoja na ritani yake bila kupitia utaratibu huo. Historia hiyo ninaitaja kwa kusudi. Mabadiliko yalifaulu kwa sababu yaliwapa watu muda na yakawabakizia wadogo njia nyingine, na amri ya 2025, iliyotoa muda wa miezi sita kwa upande wa hundi za serikali, imesahau somo hilo.

Kwa mwajiri, ushahidi ni suala la kufa na kupona. Akichelewesha fedha za mishahara siku 1 hadi 5, hutozwa faini ya asilimia 2; siku 6 hadi 15, asilimia 5; zaidi ya hapo, asilimia 10. Akitumia njia isiyo ya kielektroniki pale inapotakiwa, anaweza kutozwa asilimia 10 hata kama fedha zimewahi. Na kile alichowakata wafanyakazi huhesabiwa kuwa amana. Asipokifikisha kwa makusudi, IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, inaweza kumdai kiasi chote yeye binafsi, hata kama kampuni imekufa. Sasa fikiria mwenye kampuni ndogo aliyemkabidhi mtu mwingine kazi ya mishahara na kodi, kama wengi wanavyofanya. Septemba 2019 kampuni ya MyPayrollHR ya Clifton Park, jimbo la New York, ilifunga ghafla. Mmiliki wake, Michael Mann, alikuwa amegeuza mkondo wa fedha za mishahara na kodi alizokabidhiwa na wateja, na mwaka 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Wafanyakazi wa kampuni zilizomtegemea waliamka wakakuta mishahara imenyofolewa tena kwenye akaunti zao. Kisheria, mwajiri aliyemlipa wakala bado anadaiwa na IRS ikiwa wakala hakufikisha.

Hapo ndipo mfumo wa mtandao unapomlinda mtu kwa namna ambayo karatasi haikuweza. Wakala anapomsajili mteja kwenye EFTPS, mwajiri hutumiwa kwa posta namba ya siri ya kuulizia, inayomwezesha kuingia mwenyewe na kuona kila malipo yaliyoandikwa chini ya namba yake ya mwajiri, tarehe kwa tarehe. Bahasha hiyo haina mvuto, inafanana na barua nyingine za serikali, na ni rahisi kuitupa drooni. Ningemsihi kila mwenye kampuni aifungue siku ileile. Kuangalia mara moja kwa mwezi kama wakala amelipa huchukua dakika chache, na ndiyo tofauti kati ya kugundua wizi baada ya wiki nne na kuugundua baada ya mwaka, pale barua ya madai inapofika.

Kwa anayejiajiri, sura ni nyingine. Yeye hubeba pande zote mbili za michango, jumla asilimia 15.3 ya sehemu kubwa ya faida yake, na kodi ya mapato inakaa juu yake. Akitarajia kudaiwa dola 1,000 au zaidi mwisho wa mwaka, anatakiwa kulipa kwa makadirio mara nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari ya mwaka unaofuata. Wengi hawalijui hili hadi mwaka wa kwanza umepita. Mwenye lori zito ana mzigo wa ziada: gari lenye uzito wa kodi wa pauni 55,000 au zaidi hudaiwa kodi ya barabara kuu kwa Fomu 2290, isiyozidi dola 550 kwa mwaka. Gari lililokuwa barabarani Julai kodi yake hulipwa ifikapo mwisho wa Agosti, na bila jedwali lililogongwa muhuri la fomu hiyo lori halisajiliwi. Anayewasilisha kwa mtandao hupata jedwali hilo upesi, na anayetuma kwa posta husubiri. Kwa mtu ambaye lori likisimama hakuna kinachoingia, hoja nyingine haihitajiki.

Njia iliyo wazi kwa mtu binafsi ni Direct Pay, iliyoanza mwaka 2013. Haina ada na haihitaji kufungua akaunti ya mtandaoni. EFTPS yenyewe ilikuwa wazi kwa watu binafsi pia, lakini tangu 17 Oktoba 2025 haipokei tena usajili mpya wao, na wanaelekezwa kwenye Direct Pay au akaunti ya mtu binafsi iliyo kwenye tovuti ya IRS. Ukurasa wa kwanza wa Direct Pay unauliza mambo matatu: sababu ya malipo, kodi inayohusika, na mwaka wa kodi. Hapo kwenye mwaka ndipo watu hujikwaa. Malipo ya mwisho ya makadirio ya mwaka 2025 tarehe yake ni 15 Januari 2026. Mlipaji ameshaingia mwaka mpya, orodha inamwonyesha 2026 na 2025, naye anagusa 2026. Fedha zinaondoka, namba ya uthibitisho inakuja, kila kitu kinaonekana sawa. Aprili anaandika kwenye ritani malipo manne, kumbukumbu za IRS zinaonyesha matatu, na barua ya kudaiwa inafuata huku fedha zake zikikaa kwenye mwaka usio wake. Ni kosa lilelile la kiduara cha penseli. Tofauti ni kwamba safari hii analo la kuonyesha: ana namba, ana tarehe, na akipiga simu au kuandika barua anaweza kuomba malipo yahamishiwe mwaka unaostahili.

Baada ya hapo mfumo humthibitisha mtu kwa kumlinganisha na ritani ya nyuma: jina, namba ya Social Security, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa kama ilivyojazwa, na anwani ya mwaka ule, pamoja na namba ya chumba cha jengo. Hili huwatesa wageni kuliko wenyeji. Wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari na maofisa wa kambini. Majina matatu ya Kikongo au ya Kiswahili hupangwa kwa mfuatano huu kwenye kadi moja na kwa mfuatano mwingine kwenye kadi nyingine. Familia nazo huhama nyumba mara kadhaa katika miaka ya mwanzo. Mfumo ukikataa, mtu hudhani ana deni au ana kesi, kumbe anwani aliyoandika ni ya sasa na inayotakiwa ni ya ritani ya mwaka aliouchagua. Dawa yake ni kuweka nakala ya ritani ya kila mwaka na kunakili kutoka humo herufi kwa herufi.

Kuna jambo moja ambalo mtu aliyekulia kwenye M-Pesa anapaswa kulishika sawasawa. Kwenye simu ya nyumbani, mwenye fedha huzisukuma mwenyewe: anaweka namba ya siri, salio linapungua papo hapo, ujumbe unaingia, na mambo yamekwisha. Direct Pay na EFTPS hufanya kinyume. Ukithibitisha, hujatuma fedha. Umeipa Wizara ya Fedha ruhusa ya kuja kuzichukua kwenye akaunti yako, na inakuja baada ya siku moja au mbili za kazi. Katikati hapo kodi ya nyumba inaweza kupita, au mkopo wa gari, na salio likawa halitoshi. Malipo yakirudi, IRS hutoza faini: asilimia 2 ya kiasi kama ni dola 1,250 au zaidi, na dola 25 hivi kwa kiasi kidogo zaidi. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, matokeo ni hayohayo. Kwa hiyo namba ya uthibitisho inathibitisha kwamba agizo limepokelewa, na nusu ya pili ya ushahidi iko kwenye taarifa ya benki, kwenye mstari unaosomeka «IRS USATAXPYMT» na kiasi pembeni yake. Mwenye vyote viwili ana risiti kamili. Mwenye kimoja asubiri kidogo kabla ya kulala usingizi.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana hoja zao si za mchezo. Ya kwanza inatoka kwa watu waangalifu: hundi nayo ni ushahidi, na ukiituma kwa posta ya rejista una stempu ya tarehe na risiti mkononi. Ni kweli, na sheria ya Marekani inaipa nguvu, kwani malipo yaliyogongwa muhuri wa posta kabla ya tarehe ya mwisho huhesabiwa kuwa yamewahi hata yakifika baadaye. Lakini ushahidi huo umezidi kudhoofika. Mwaka 2020, ofisi za IRS zilipofungwa kwa ajili ya korona, mamilioni ya barua zilikaa bila kufunguliwa, nyingine zikiwa na hundi ndani. IRS ililazimika kuwaomba watu wasizifute hundi zao, na Agosti mwaka huo ikasimamisha kwa muda kutuma baadhi ya barua za madai, kwa kuwa zilikuwa zikiwafikia watu ambao malipo yao yalikuwa yamelala kwenye bahasha ndani ya majengo yake yenyewe. Februari 2023 Wizara ya Fedha ilitoa tahadhari kuhusu wizi wa hundi kwenye posta: taarifa za benki kuhusu hundi zenye mashaka zilikuwa zimepanda kutoka zaidi ya 350,000 mwaka 2021 hadi zaidi ya 680,000 mwaka 2022. Wezi huosha wino kwa kemikali, wakaandika jina jingine na kiasi kingine. Na tangu 24 Desemba 2025 kanuni za posta zinasema wazi kwamba tarehe ya muhuri inaweza isiwe ile siku barua ilipokabidhiwa. Anayetaka kuendelea na hundi ana haki hiyo, ila aende mwenyewe dirishani apewe risiti ya rejista. Kutumbukiza bahasha kwenye sanduku la barabarani jioni ya tarehe 15 Aprili ni kucheza kamari.

Hoja ya pili ni ya usalama, na hapa serikali yenyewe imewapa wapinzani silaha. Mwaka 2015 wahalifu waliingia kwenye huduma ya IRS ya kutoa nakala za ritani kwa mtandao, na hesabu ya akaunti zilizoguswa ilianza 100,000 ikaishia kupita 700,000. Mwanzoni mwa 2022 IRS ilitaka kila anayefungua akaunti ajipige picha ya uso kupitia kampuni binafsi ya ID.me, hadi malalamiko ya wananchi na wabunge yalipoilazimisha Februari mwaka huo kuondoa sharti hilo na kuweka njia nyingine. Kwa historia hiyo, kumwambia mtu «amini tu» ni kumdharau. Lakini tuangalie kinachotolewa. Kila hundi ya karatasi imechapishwa chini yake namba ya benki yenye tarakimu 9 na namba ya akaunti, pamoja na jina, anwani na sahihi ya mwenyewe, na inapita mikononi mwa watu wengi. Anayeogopa kuandika namba hizo kwenye tovuti ya serikali ameshaziandika kwenye kila hundi aliyowahi kutuma. Hatari iliyo kubwa zaidi ni tovuti bandia na simu za matapeli. Tovuti ya kweli huishia na irs.gov au eftps.gov, na IRS haimtaki mtu anunue kadi za zawadi za dukani ili alipe kodi.

Wengine husema mitambo huharibika. Huharibika, na siku mbaya kabisa: tarehe 17 Aprili 2018, siku ya mwisho ya kodi mwaka ule, Direct Pay na huduma nyingine za IRS zilikwama kwa saa nyingi. Serikali iliongeza siku moja kwa wote. Kwa maoni yangu nyongeza ya namna hiyo ingepaswa kuwa haki iliyoandikwa kwenye sheria, ijitokeze yenyewe kila mfumo unapozimika, badala ya kusubiri huruma ya mkuu wa idara. Hadi hapo itakapokuwa hivyo, tarehe ya malipo inaweza kupangwa mapema, hata miezi kadhaa, na agizo likafutwa ikiwa zimebaki siku mbili za kazi. Kwa EFTPS ni lazima kuwahi, kwa sababu agizo linatakiwa kuingizwa kabla ya saa 2 usiku kwa saa za New York, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa mtu wa California hiyo ni saa 11 jioni, wakati duka bado limejaa wateja.

Hoja nzito kuliko zote ni ya wasio na benki, na mbele ya hiyo sina ubishi. Uchunguzi wa FDIC, shirika la serikali linalolinda amana za benki, ulikuta mwaka 2023 kaya milioni 5.6 za Marekani, asilimia 4.2 ya zote, hazina akaunti yoyote. Kwa kaya za watu weusi ilikuwa asilimia 10.6, na kwa wazungu asilimia 1.9. Anayelipwa taslimu kwa kusuka nywele ana wajibu wa kodi kama mwingine yeyote, na anataka kuutimiza. Tangu mwaka 2016 IRS imeruhusu fedha taslimu zilipwe kwenye kaunta za maduka ya mitaani, kwa ada ndogo, lakini lazima kwanza mtu apate msimbo kwa mtandao, na kuna kikomo cha kiasi cha kulipa kila safari. Kwa kadi ya mkopo, kampuni zinazopokea malipo hutoza karibu asilimia 2: kwa deni la dola 3,000, zaidi ya dola 50 zinazoenda kwa wenye mashine bila serikali kupata kitu. Ni haki gani hiyo, kwamba maskini alipe ada ili alipe kodi, na mwenye benki alipe bure? Amri ya 2025 imetaja misamaha kwa wasio na benki, nayo ni lazima iwe ya kweli, yenye dirisha la mtu anayepokea fedha na kutoa risiti. Kinachokatisha tamaa ni kwamba serikali hiyohiyo inayosukuma watu mtandaoni imeifunga Direct File, huduma yake ya bure ya kuwasilisha ritani, iliyojaribiwa mwaka 2024 katika majimbo 12 ikapokea ritani 140,803, ikapanuliwa hadi majimbo 25 mwaka 2025, kisha ikaondolewa kabla ya msimu wa 2026. Mtu anaambiwa atumie mtandao kulipa, halafu kwa kujaza fomu anarudishwa kwa wakala wa kulipia.

Na wakala huyo, kwa jamii zetu, ndiye shida iliyobaki. Kwa sababu ya lugha, wengi humkabidhi kila kitu: ritani, namba za siri, wakati mwingine na fedha zenyewe ili «awalipie». Kujaziwa ritani hakuna ubaya. Kulipiwa ndiko kunakoondoa risiti mkononi mwa mwenye deni. Pia huchanganya mambo mawili: wakala anapoomba muda wa ziada hadi 15 Oktoba, muda huo ni wa kuwasilisha ritani tu, na deni lenyewe bado ni la 15 Aprili, likiongezeka asilimia 0.5 kila mwezi pamoja na riba. Anayelipa sehemu ya deni kupitia Direct Pay na kuchagua sababu ya «muda wa ziada» hupewa muda huo bila kujaza fomu nyingine, jambo ambalo baadhi ya mawakala hulitoza ada. Tovuti ya IRS ina kurasa za Kihispania, Kichina, Kikorea, Kirusi, Kivietinamu na Kikrioli cha Haiti, na Kiswahili hakimo. Viongozi wa jumuiya zetu kule wana sababu ya kukidai, na kulipigia kelele hilo kama wenye biashara ndogo walivyofanya mwaka 1996. Hata hivyo kwa simu IRS ina wakalimani wa lugha zaidi ya 350, na mtu ana haki ya kuomba wa Kiswahili. Akishampata, la kwanza kuuliza ni malipo gani yameandikwa chini ya namba yake, kwa mwaka upi na kwa tarehe ipi, kisha ayalinganishe na taarifa ya benki mstari kwa mstari kabla ya kukata simu.